Fomu Zirudi Safi

Wodini kwetu aliitwa Komando, na jina hilo nilimpa mimi. Nilimpa siku alipomzuia daktari mlangoni kwa sababu ameingia na viatu vya nje. "Daktari, hapa ni wodini, si sebuleni kwa shemeji yako," alimwambia, na yule bwana na urefu wake wote akarudi kuvua viatu. Komando alikuwa muuguzi wa miaka thelathini na minane, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti isiyohitaji spika. Hakuolewa. Aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na akiulizwa habari za mume alijibu kwamba anatafuta atakayekubaliwa na mama, na mama hana haraka.

Mimi ni karani wa wodi hiyo. Kazi yangu ni makaratasi, na anayedhani makaratasi hayamdhuru mtu hajawahi kukaa kwenye kiti changu.

Janga lilipoingia, wodi yetu ikatengwa. Kioo kikubwa kikawekwa kati ya meza yangu na wagonjwa, na amri ikatoka: karatasi ikishavuka upande wa pili hairudi, inachomwa hukohuko. Kwa hiyo wauguzi walikuja kiooni wamevaa yale mavazi yanayowafanya wote wafanane, wakanisomea hali za wagonjwa kwa sauti, nami nikaandika upande huu. Kitanda cha kwanza, mapigo mia na kumi, oksijeni themanini na tisa. Kitanda cha pili, na kuendelea, mpaka cha nane. Ikiwepo karatasi inayotaka saini, niliibandika kiooni, muuguzi akaisoma kwa macho, akanyoosha dole gumba, nami nikamtilia saini yake. Saini ya Komando niliijua kuliko yangu, ina mkia mrefu unaorudi nyuma. Hakuna aliyeona kosa. Ndivyo kazi ilivyokwenda miezi mitano.

Mwezi wa sita makao makuu wakatuletea fomu. Wakubwa walikuwa wamesikia kwamba wafanyakazi wa hospitali wameelemewa akilini, wakaona watuulize maswali kumi na mawili. Unakosa usingizi? Unashindwa kula? Unalia bila kujua sababu? Atakayejibu ndiyo mara tano au zaidi angepumzishwa wiki mbili na kupelekwa kwa mshauri. Jambo zuri kabisa, likiwa kwenye karatasi. Lakini kati ya wauguzi wetu kumi na wawili, wanne walikuwa wagonjwa wao wenyewe, na hakuna aliyetuambia nani angeletwa kuziba pengo la wengine.

Metroni, mkuu wa wauguzi wetu, alikuja asubuhi, akaliweka rundo la fomu mezani kwangu, akasema huku akitazama dirishani, "Mama karani, hizi zirudi safi."

"Safi vipi, metroni?"

"Wewe si mgeni hapa."

Nilimwelewa. Safi maana yake hapana, hapana, hapana, mpaka chini. Nikazibandika kiooni moja baada ya nyingine. Wengi hata hawakusoma. Walinyoosha dole gumba na kurudi kugeuza wagonjwa kifudifudi ili wapate pumzi. Kabla ya saa ya chai nilikuwa nimejaza saba. Nilibadilisha kalamu ili zisifanane, nikajiona mjanja.

Ya nane ilikuwa ya Komando. Hiyo sikuijaza, kwa sababu alikuwa ameichukua kwenda nayo nyumbani. Nilidhani ataifanyia mzaha. Siku tatu baadaye, kabla ya kuvaa na kuingia zamu, akaniletea imekunjwa mara nne, akaiweka mezani na kuondoka kimya, yeye ambaye hajawahi kunipita bila kunitania kwamba miwani yangu ina umri mkubwa kuliko mimi.

Nikaifungua. Ndiyo kumi na moja. Hapana moja tu, kwenye swali la pombe. Chini kabisa, panapoulizwa kama una lolote la kuongeza, mahali ambapo watu huacha wazi, alikuwa ameandika mpaka nafasi ikaisha, akageuza na nyuma. Aliandika kwamba akitoka kazini huketi kwenye ngazi za ghorofa ya pili, anashindwa kupanda zilizobaki, mpaka mama yake ashuke kumchukua. Kwamba mama akisinzia kwenye kochi, yeye huhesabu pumzi zake, na zikizidi ishirini na nne kwa dakika huanza kutetemeka. Kwamba mgonjwa wa kitanda cha sita alipofariki, yeye alimshukuru Mungu, kwa kuwa amepata dakika kumi za kukaa. "Mimi sikuwa hivi," aliandika. "Naomba mtu aniangalie."

Nilisoma yote mara mbili. Nililia, sifichi. Halafu nikaanza kufikiri, na hapo ndipo nilipoharibu. Nikafikiri kwamba Komando akitoka wiki mbili wodi imekwisha, maana wale saba wanasimama kwa sababu wanamwona yeye amesimama. Nikafikiria na faili lake. Karatasi ile ikiingia humo, watu wangemnong'ona mpaka siku ya kustaafu, na cheo alichokuwa anakisubiri angekisikia kwa jirani. Nikajiambia kwamba namlinda. Nikachukua fomu mpya, nikaweka hapana kumi na mbili, nikatia ile saini yenye mkia. Ya kwake nikaitumbukiza kwenye mfuko mwekundu wa vitu vya kuchomwa.

Wiki tano zilizofuata alikuja kazini kila siku na wala hakuchelewa. Alinyamaza tu. Daktari angeingia wodini hata na baiskeli, asingesema neno. Mimi nilijipa moyo kwamba amezoea. Watu wazima huzoea, nilisema, na kazi ikaendelea.

Siku moja, saa saba mchana, alikuja kiooni kunisomea hali za wagonjwa. Vitanda vyote vilikuwa na watu. Alianza cha kwanza, akafika cha nane, mkono wangu ukiandika huku akili iko kwenye chakula changu cha mchana. Akaendelea. Kitanda cha tisa, mapigo mia na ishirini, oksijeni sabini na nne. Nikaandika. Cha kumi. Nikaandika. Nilikuwa kwenye cha kumi na mbili nilipokumbuka kwamba wodi yetu haina kitanda cha tisa.

Nikagonga kioo. "Komando! Unanisomea akina nani?"

Hakunisikia. Aliendelea na sauti ileile ya kazi, bila papara, nami nikaendelea kuandika, mpaka kitanda cha thelathini na saba. Wenzake wawili wakamshika mikono wakamtoa. Jioni ile nilichukua daftari la miezi iliyopita nikalilinganisha na yale niliyoandika. Waliofariki katika zamu zake walikuwa ishirini na tisa. Alikuwa amenisomea hali zao za mwisho, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kufa kwao, na hakukosea hata tarakimu.

Akapelekwa nyumbani. Mwezi ulipokwisha barua ikaja kutoka makao makuu, na ilipitia mikononi mwangu kama barua zote. Ilisema kwamba, kwa mujibu wa fomu aliyoijaza mwenyewe, mfanyakazi huyu hakuwa na dalili yoyote, na hivyo maradhi yake hayatokani na kazi. Matibabu yatakuwa juu yake. Asiporudi ndani ya siku kumi na nne atahesabiwa mtoro.

Nilikwenda nayo kwa metroni. Nikamwambia kila kitu. Alivua miwani, akaiweka juu ya barua.

"Mama karani, ukisema hayo, fomu zote nane ni za kughushi. Utaondoka wewe, nitaondoka mimi. Wale saba tunamwachia nani?"

"Na yeye, metroni?"

"Yeye ameshaondoka."

Nikafunga mdomo. Nina watoto watatu. Ni kisingizio, najua, lakini ndicho nilichokuwa nacho. Siku kumi na nne zikaisha na jina lake likafutwa kwenye orodha ya zamu. Nililifuta mimi, kwa rula.

Jumapili iliyofuata nikapiga moyo konde nikaenda kwao. Mama yake alinifungulia mlango. Ni mama mwembamba, mikono yake ilikuwa na povu la sabuni.

"Karibu mwanangu. Yuko chumbani. Leo amekubali kuoga, ila kusema bado."

Komando alikuwa ameketi kitandani akitazama ukuta. Amepungua, shingo imekuwa ndefu. Nikakaa pembeni yake. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ile fomu niliiandika siku tatu," alisema taratibu. "Nilikuwa nawaza kama wataniamini. Halafu nikasubiri. Wiki ya kwanza, ya pili. Hakuna aliyekuja. Nikajua wameisoma, wameona mambo ya kawaida. Basi nikasema, kama haya ni ya kawaida, mbovu ni mimi."

"Haikufika, mdogo wangu."

"Haikufika wapi?"

"Kwa wakubwa. Niliichoma. Nikakujazia nyingine."

Huko nje mama yake alikuwa anasuuza vyombo.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeisoma," alisema, na naapa kwamba niliona uso wake unalegea kidogo, kama mtu anayetuliwa mzigo. Ningeweza kuacha hapo. Ningemwachia hicho kidogo. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, nikataka nitoke humo ndani nikiwa safi, mjinga mimi.

"Niliisoma mimi," nikamwambia. "Yote. Mara mbili."

Akageuka akanitazama. "Na nyuma?"

"Na nyuma."

Akatikisa kichwa polepole, akaurudia ukuta. Mama yake akaingia na chai, akasimama mlangoni na sinia.

"Nimesikia sauti yake! Ameongea na wewe?"

"Ameongea, mama."

"Nilijua," alisema, machozi yakimtoka. "Nilijua wewe ndiye mtu wake."

Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile, na Komando hajatamka neno jingine kwa yeyote. Mama yake ananipigia simu kila wiki, ananibembeleza nije tena, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyeweza kumfungua mdomo.