Siku Mama Faida Aliposhika Manete

Ninyi mliokua wakati wetu mtanielewa nikisema kwamba niliingia Kashebere nikiwa nimekumbatia televisheni. Tulitoka Bweremana asubuhi, mimi na mjomba wangu Papa Deo, juu ya lori la chumvi na sabuni. Ziwa lilibaki nyuma, Sake ikapita, tukaanza kupanda milima ya Masisi yenye ng'ombe na baridi. Baada ya Nyabiondo lori lilizama matopeni hadi tumboni. Tulilala hapo, na usiku uliofuata pia, mwishowe tukashuka tukatembea. Mjomba alibeba jenereta na mashine ya jeu, ile michezo ya kwenye televisheni, mimi nikabeba televisheni iliyofungwa ndani ya kipande cha godoro. Kila nilipoteleza alipiga kelele: "Anguka weye, ile usiiangushe!"

Nyumbani tulikuwa watoto wengi, na baba alishindwa kunilipia minerval, pesa za shule. Mjomba alikuwa amesema wazi: nikimsaidia kuendesha jeu, jeu itanisomesha. Ikifa, narudi Bweremana kuanika sambaza, wale dagaa wa ziwani, pamoja na kaka zangu, na shule inaishia hapo. Basi nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Jenereta ikikohoa, mimi nilisikia shule ikikohoa.

Chumba chetu cha jeu kilikuwa cha mbao na paa la shitingi, turubai la plastiki. Kilinuka esansi ya jenereta, nguo zilizonyeshewa na mikate ya mafuta ambayo mke wa mjomba aliikaanga mlangoni. Tulikuwa na diski moja tu, ya kachi, ile mieleka ya ndani ya kamba. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani au ya Kichina, hakuna aliyejua. Tulisoma kwa kukariri: shuka, shuka tena, finya duara, na ile ya chini kabisa usiiguse maana inafuta kila kitu. Wapiganaji tuliwabatiza wenyewe. Mnene tulimwita Papa Muhogo. Yule wa nywele ndefu alikuwa Fiancé, na aliyevaa kinyago tulimwita Mgonjwa wa Meno. Vijana wa leo wanaelezwa na mashine kila kitu, hata kidole kiende wapi, na bado wanalalamika kwamba jeu ni ngumu.

Siku za soko walipita wanakachi wa kweli, na kuku wao wa uganga na unga wao wa dawa. Mmoja akimpulizia mwenzake unga, mwenzake anasinzia katikati ya pigano huku sisi tukipiga mayowe. Ndiyo maana hata kwenye jeu wavulana walitafuna majani na kutemea vidole gumba kabla ya kucheza. Aliyeshindwa hakusema mwenzake ni hodari. Alisema, "Uko na dawa, weye!" Mimi nilifuta manete, vile vishikio vyenye vitufe vya kuchezea, kwa shati, nikafurahi kwamba watu wanakuja.

Kisha mjomba akarudi kutoka Goma na manete mbili mpya. Hizi zilitetemeka. Mpiganaji wako akipigwa, manete inanguruma mkononi mwako kama kitu kilicho hai. Mvulana wa kwanza kuishika aliitupa chini akakimbia hadi barabarani. Tulicheka sana, lakini kicheko hakikudumu. Wiki hiyohiyo mtoto mmoja jirani, Safari, alishikwa na homa, akawa anatetemeka kitandani huku amekunja vidole kama aliyeshika manete. Mama yake alisema kile kitu kimemwingia.

Mzee Kalinda, ambaye bado alishika mambo ya mila ya msituni, alikuja kumuuliza mjomba mbele ya watu.

"Deo, ile kitu haina roho. Inatetemeka na nini?"

"Iko moteri kidogo ndani, muzee."

"Moteri inakula esansi. Ile inakula nini?"

Watu waliguna, na mimi nikasikia harufu ya sambaza puani.

Uamuzi ukawa huu: Jumamosi, Mama Faida, kiongozi wa wamama wa kanisa, ataishika manete mwenyewe. Akisema kuna kitu ndani, Papa Deo atafunga mizigo yake na kuondoka. Ilibidi mtu acheze dhidi yake, na mjomba akanisukuma mimi. Siku zile hakuna aliyekuwa akinishinda.

Sikuwa nimekula tangu Ijumaa. Nilikuwa nimewaza: manete hutetemeka kwa anayepigwa. Basi nisimpige. Lakini pigano lisipoisha tutakaa hadi esansi iishe, na watu watasema mashine imekataa. Nilijaribu kushindwa, ikanishinda, kwa sababu Mama Faida hakufinya chochote. Mpiganaji wake alisimama kama nguzo ya mlango.

"Mutoto, nafinya wapi?"

"Fasi yote, Mama."

Alifinya kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayejaribu kama ndizi imeiva. Ndipo nikakumbuka sheria ya kachi: ukikaa nje ya kamba, refa anahesabu, ukichelewa umeshindwa. Nikamtoa Papa Muhogo nje, nikaweka manete magotini. Refa akaanza kuhesabu. Wavulana wakapiga kelele nyuma yangu: "Angalia! Shampio anakimbia mama! Rudi mu kamba, muoga!"

Nilikuwa nikimwomba Mungu refa ahesabu haraka. Mama Faida akachukia.

"Unanikimbia? Mimi? Kuya hapa!"

Akafinya vitufe vyote kwa viganja viwili. Mpiganaji wake akaruka kamba, akaanguka nje kichwa chini, na manete ikanguruma mikononi mwake.

Mama Faida hakuitupa. Aliiangalia, akaisogeza tumboni, akangoja. Ikanguruma tena.

"Aaa. Njo hii?" alisema. "Inacheza sawa mutoto mu tumbo."

Wamama mlangoni walipasuka kwa kicheko. Akamgeukia Mzee Kalinda. "Mimi nimebeba saba. Muzee, weye haujabebaka, njo maana unaogopa."

Mzee alitikisa kichwa, akacheka mwisho kuliko wote, kisha akanyoosha mkono ili naye aishike. Safari alipewa dawa ya malaria akapona. Mama Faida aliweka sharti moja, kwamba jeu isiwashwe Jumapili kabla ibada haijaisha, na mimi nilisoma Kashebere mpaka diploma.

Nimezunguka sana tangu hapo: Kisangani, Bunia, Kampala, nikirudi Goma na kutoka tena. Bado nacheza kachi. Wapiganaji wa sasa wanatoka jasho, hata meno yao yanahesabika. Nacheza na mtu nisiyemwona, hanitukani, hanisingizii dawa, akishindwa anakata tu na kutoweka. Vijana wamekaa kila mmoja na masikio yake yamezibwa. Siku hizi kila kitu mkononi kinatetemeka na hakuna anayekimbia hadi barabarani, isipokuwa mimi moyoni, simu inapotetemeka mfukoni na namba ni ya upande wa Masisi. Kabla sijaipokea nauliza kimya: nani amekimbia vita, nani amebaki.

Siku niliyoondoka Kashebere mvua ilikuwa imenyesha. Nilikaa juu ya magunia ya mchele, nikiogopa matope, nikiogopa Goma, nikiogopa hata kupoteza karatasi ya diploma iliyokuwa ndani ya shati. Mjomba alinipa mkono. Mama Faida alinirushia ndizi za kuchoma, akamfokea dereva: "Shofere, huyu ni mutoto ya kwetu, utamufikisha!" Niliwapungia kidogo tu, kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulishika kamba, na kwa sababu nilijua Krismasi nitarudi. Mambo yote niliyaogopa siku ile. Kutorudi tu ndiko sikukuogopa.