Kitasa Nilichomficha Mama Mkwe

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa. Nilikuwa kijana wa Barani, hapa Malindi, nina gari dogo jeupe, kuukuu, na mlango wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa haushiki. Fundi mmoja wa Kisumu Ndogo alikwisha kuniambia kitasa kimelika, kiagizwe kingine kutoka Mombasa. Nikamwambia inshallah wiki ijayo, na wiki zikapita bila kuniaga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu niliufunga kwa mpira wa baiskeli, kutoka kwenye kishikio cha mlango hadi kwenye kiti, nikaona kazi imekwisha. Wa nyumbani walikuwa wamezoea: inua mlango kidogo, sukuma kwa nyonga, funga mpira, na kwenye kona ushikilie.

Basi mke wangu Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza na siku zake zimekaribia. Ada yetu ni mama mzazi aje amkande binti yake na kumwogesha mtoto mpaka arobaini itimie, kwa hivyo nikatumwa kwao Junju kumchukua. Zuhura alinisindikiza mpaka garini akaniambia nisisahau kumwambia mamake habari ya mlango. Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi, mwanangu.

Nyinyi wa leo mnakaa meza moja na wakwe zenu mkacheka, na siwalaumu. Zama zetu mama mkwe hatazamwi usoni; ukikutana naye njiani, unapisha. Nilipokaribia Junju nikasimamisha gari, nikaufungua ule mpira nikauficha chini ya kiti, maana niliona haya mama wa watu akute binti yake ameolewa na mwenye gari la kufungwa kamba kama mbuzi. Kisha nikakigeuza kioo cha ndani kitazame juu, macho yangu yasije yakakutana na yake. Hayo yote niliyaita heshima.

Alitoka amejitanda leso, ana kikapu chenye chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Nikamwamkia nikitazama chini. Mlango niliufunga mimi, kwa ule ujanja wangu wa kuinua na kusukuma, na yale aliyoniagiza Zuhura sikuyasema. Njia nzima niliendesha polepole, nikiusikia mlango unagongagonga nyuma. Kwenye daraja la Kilifi nilisoma kila dua niliyoijua. Naye hakuuliza kitu, kwani haya ile ilikuwa yake pia.

Tukapita Matsangoni, tukapita Gede, tukaingia Malindi salama, nami nikaanza kujisifu. Kwenye kona ya kulia ya kuingilia kwetu, gari likienda mwendo wa mtu wa miguu, nikasikia watu wa njiani wakipiga kelele. Nikageuka. Mlango ulikuwa wazi na kiti kitupu. Nilimkuta ameketi mchangani, leso imemvuka kichwani, mafuta yamemwagika, na mkono wake wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Niliogopa siku hiyo kuliko nilivyopata kuogopa maishani.

Watu wakasema ajali haina kinga, na mimi nikajificha nyuma ya neno hilo. Mkono ukafungwa plasta. Baada ya siku sita Zuhura akajifungua mtoto wa kike, na aliyemwogesha ni jirani. Bibi yake alikaa kitandani akitazama, mkono umelala mapajani.

Asubuhi moja nilipeleka maji ya moto mpaka mlangoni mwa chumba chao, na mama mkwe akaniita. Hakuwa amepata kuniita kabla. Akaniambia amesikia kwa Zuhura kwamba mlango ulikuwa mbovu nami nilijua.

"Niliona haya, mama," nikasema.

Akanijibu: "Baba, ungenambia nishike, ningeshika."

Angenitukana ningepata nafuu.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na kona ya nyumbani kwangu. Kitu chako kibovu ukishakizoea, wewe unajua pa kukishika na pa kukikwepa, lakini mgeni wako hajui. Kitengeneze mapema. Na kama hujakitengeneza, sema, hata kama unayemwambia ni mtu usiyethubutu kumtazama. Haya ni sifa njema, wala sikwambii uiache, ila haya inayomwacha mkubwa wako juu ya hatari asiyoijua si adabu, ni kujipenda. Mimi nilimstahi mkwe wangu mpaka nikamnyima kumwogesha mjukuu wake wa kwanza, na arobaini ya mtoto haiji mara mbili.

Mola akupe ulimi usiochelewa, na wote utakaowabeba wafike wazima.