Ndugu wa Kutia Saini

Juzi, dukani Kamachumu, niliona kwenye televisheni marais wa nchi zetu wakikumbatiana mkutanoni. Wiki hiyohiyo binti yangu alikuwa amerudishwa mpakani na parachichi zake, zikamwozea mikononi. Mate ya kichefuchefu yalinijaa mdomoni, nikaikumbuka redio ya babu.

Nilikuwa bado mtoto. Alasiri hiyo sebule ya babu ilinukia nyasi mpya alizotandaza sakafuni na ndizi zilizokuwa zikitokota jikoni. Redio ilikoroma, kisha ikasema nchi zilizopata uhuru zimefanya mkataba: kila moja ibaki na serikali yake, ila zote ziwe ndugu.

Undugu wa watu wasiozaliwa pamoja mimi niliujua mmoja tu, omukago. Watu wawili huchanjwa kitovuni, buni ya kahawa hupasuliwa, na kila mmoja hutafuna nusu iliyopakwa damu ya mwenzake. Tuliambiwa ukishakula, halafu ukamfungia ndugu yako mlango, tumbo litakuvimba ufe.

Basi nikawaona akilini wakubwa wa nchi zile wote wamefungua vifungo vya mashati, vitovu vinavuja, kila mmoja anatafuna damu ya wenzake wote, midomo imewalowa. Nilitapika uji wangu wote juu ya zile nyasi.

Nilipomweleza babu, alicheka huku akinifuta.

"Tulia, mjukuu wangu. Hao hawakula kitu. Wametia saini tu."

Nilipona papo hapo. Siku hizi ni maneno hayohayo yanayonitapisha.