Nguzo Iliyolazwa Kwenye Ngoro

Cheka ukitaka, nimeshazoea kuchekwa. Lakini haya sikusimuliwa. Yalinikuta mimi mwenyewe, akili zangu timamu, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Misheni moja huku milimani Mbinga ilifunga mtambo wa umeme kwenye maporomoko ya mto, nami nikapewa usimamizi wa kusimika nguzo na kuvuta waya hadi hospitali yao. Mimi ni mtu wa Lituhi, mtoto wa ziwani, na nilijiona fundi kwelikweli. Ila moyoni sikuwa na raha. Mke wangu Anna alikuwa amelazwa hospitali hiyohiyo, mtoto amekaa vibaya tumboni. Sista daktari aliniambia waziwazi: huenda akapasuliwa, na dawa ya usingizi inashika moto upesi, haiwezi kukaa chumba kimoja na taa ya mafuta. Uchungu ukimjia usiku kabla ya umeme, basi tena. Ungekuwa wewe, ungelala?

Ikabaki nguzo moja, ya mteremkoni. Wamatengo, wenyeji wa milima hiyo, wanalima ngoro: mashimo mapana yaliyopangwa mlima mzima, yamezungukwa na matuta ya kupandia maharage. Mimi mtu wa samaki nikaona mashimo, nikasema, "Ya nini kuchimba tena?" Mimi na vibarua wangu tukasimika nguzo ndani ya shimo mojawapo, tukashindilia udongo. Asubuhi tukaikuta chini. Si kuanguka, imelazwa taratibu juu ya nyasi, na udongo wote umezolewa kutoka shimoni. Tukairudisha, ikalazwa tena. Safari hiyo vibarua walitupa sururu wakaenda zao.

Nikabaki peke yangu. Alasiri ukungu ukashuka, kukawa giza kama usiku, na manyunyu juu. Nikamwona mama ameinama, analima. Jembe linapanda, linashuka, sauti hakuna. Mimi nimelowa chapachapa, yeye kaniki yake kavu kabisa.

"Shikamoo, mama."

Aliendelea kulima. "Wewe ndiye unayeziba ngoro yangu?"

Niamini, miguu ilitaka kukimbia. Nikamfikiria Anna, nikajikaza. "Nisamehe, mama. Hii ni nguzo ya taa ya hospitali. Mke wangu yuko kule, anasubiri kujifungua."

Jembe likasimama. "Wanaojifungua ndio watakaowashiwa taa?"

"Ndiyo, mama. Hata usiku wa manane."

Akaegemea mpini wa jembe. Kisha akasema, safari hii kwa upole, "Ngoro inashika maji ya mvua. Ukiiziba, maji yatabeba shamba lote. Chimba pale matuta yanapokutana, baba."

Nilichimba kama mwendawazimu. Nguzo ile ilikuwa mzigo wa wanaume sita. Yeye alishika kichwa, mimi nikashika kitako, ikanyanyuka, ikaingia, ikasimama wima. Nilipogeuka nimshukuru, ukungu mtupu. Kwenye udongo laini nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Nilishuka mbio kuwaita vibarua. Mzee mmoja wao, wa kijiji kile, aliposikia alivua kofia. Akaniambia mwenye shamba lile alifia kwenye uchungu, usiku, gizani, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kulima pale. Kwa kuwa mwenyewe ameridhia, vibarua hawakuogopa tena. Tukavuta waya tukiimba hadi sauti zikakauka.

Na uchungu wa Anna ulikuja usiku, kama nilivyohofia. Lakini taa ilikuwa inawaka! Nilisimama nje nikaliona dirisha jeupe pee, nikasikia mtoto analia, nikacheza ngoma peke yangu uani bila mpigaji. Sista alitoka kuniambia mama na mtoto wazima, akanikuta nacheza, akacheka hadi akajifuta machozi. Binti yetu leo ana wajukuu.

Nguzo za jirani zililiwa na mchwa, zikabadilishwa na kubadilishwa tena. Ile haijaguswa na mdudu. Mpaka leo nikipita pale navua kofia, na sijali nani ananitazama.

Sasa nasikia mnavuta nyaya kubwa milimani, na mimi nafurahi kuliko mnavyodhani. Vuteni, nchi iwake! Lakini sikieni, enyi vijana wenye kofia ngumu: kabla hujachimba, muulize mwenye shamba. Muulize hata ukiambiwa alikufa zamani.