Kitambaa Cheusi cha Draya

Mimi nimezaliwa upande wa ziwa, ambako omena, wale dagaa wetu, huanikwa chini juu ya nyavu kuukuu, na jua likizidi kuwaka ndivyo watu wanavyozidi kufurahi. Kwa hivyo nilipohamia Chepsaita, huku kwa Wakalenjin, na kina mama wa kikundi cha kukausha mboga wakakubali kunijaribu kwa mwezi mmoja, nilijiona fundi tayari. Kukausha kitu, nifundishwe mimi?

Kikundi kilikuwa na draya moja ya sola: sanduku refu la mbao lililofunikwa kwa plastiki, ndani yake trei za wavu. Tulikausha managu, yaani mnavu, na kunde, tukauzia duka moja mjini Eldoret. Juu ya ile plastiki walitandaza kitambaa cheusi. Niliona ni upuuzi mtupu. Nani anatafuta jua kisha analifunika?

Zamu yangu ya kwanza iliangukia siku ya mawingu, na mvua ya huku ikishakuja mchana haikuulizi umefika wapi. Mboga zilikuwa bado zina maji. Mimi, ambaye hata chai hunishinda kusubiri ipoe, nikakivua kitambaa nikakikunja vizuri. Bahati jua likatoka, likapiga saa tatu mfululizo. Majani yakakauka kabisa. Yakageuka pia manjano kama nyasi za kiangazi.

Mwenyekiti wetu, mama Mkalenjin wa rika la mama yangu, alifungua draya akaokota jani moja. Kisha akanieleza polepole kwamba majani yakipigwa na jua moja kwa moja hupoteza rangi, na lile duka halichukui mboga isiyo ya kijani. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nilijua mwezi wangu umeishia hapo, na nilikitaka sana kile kikundi. Tangu nihamie, hakuna aliyewahi kunipigia hodi.

Desturi yao ilikuwa kwamba aliyeharibu mboga huwapikia wote zilezile alizoharibu. Nikaziloweka, nikazichemsha, nikazitia maziwa na kuziacha motoni taratibu kama tunavyofanya kwetu. Tulikaa kwenye nyasi na ugali wetu. Mmoja akauliza nani alinifundisha upishi wa Wakalenjin. Nikamwambia managu ya maziwa ni ya kwetu, wao waliiga tu. Hapo ubishi ukawaka, kila mtu akitetea upishi wa nyanya yake, nami nikapaza sauti kama wao, nikasahau kabisa kwamba mimi ndiye mshtakiwa.

Walipokuwa wakinawa mikono, mwenyekiti akauliza kesho ni zamu ya nani. Mama mmoja akainua mkono.

“Hapana, wewe ngoja,” mwenyekiti akasema, akinielekezea kidole. “Apewe huyu wetu. Kitambaa hawezi sahau tena.”

Nikabeba sufuria nikaenda kuiosha nyuma ya nyumba, wasinione nikilia.