Alisema Apigwe

Mume wangu alikuwa askari polisi wa Wajerumani, mtu wa pwani, nami ni binti wa Kinyakyusa kutoka Ipyana. Tuliishi Mwaya, kando ya ziwa, nyumba ya mianzi karibu na forodha. Kinyakyusa alijua neno moja tu, ndaga, la kushukuru, na alilitoa hata pale ambapo hapakuwa na cha kushukuru. Mimi Kiswahili nilijifunza jikoni kwake, kwa kukosea.

Kosa moja sitalisahau. Tulikuwa hatujamaliza hata mwezi katika ndoa, mbuzi wa jirani akaingia kwenye migomba yetu michanga. Mume wangu akapaza sauti kutoka barazani: "Koma! Koma wewe!" Sasa kwetu, kwa Kinyakyusa, koma maana yake ni piga. Nikasema haya, mume ameamuru. Nikaokota kuni nikamtandika yule mbuzi mpaka mume wangu akaja mbio kunishika mkono. "Mama, nimemwambia mbuzi aache, mbona wewe unamuua?" Tulicheka siku nzima, na jirani tukampelekea mkungu wa ndizi. Baadaye nikaizoea koma ya pwani na sikuifikiria tena.

Miaka kadhaa ikapita. Siku moja nilikuwa bondeni napalilia, nikasikia mlio wa bunduki upande wa ziwani. Kabla sijafika nyumbani, habari zilikwisha kunifikia mimi. Kaka yangu, tumbo moja, alikuwa ameteremka na ndizi kubadilishana na vyungu vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Kuruta mmoja wa polisi, kijana wa kwetu ambaye alikuwa bado mgeni wa kazi, aligombana na mwenye mtumbwi wa vyungu juu ya mahali pa kutia nanga. Wakashikana. Mume wangu alikuwa anatoka forodhani, akaona, akapaza sauti. Bunduki ya kuruta ikalia, na risasi ikamwingia kaka yangu pajani.

"Mumeo ndiye aliyeamuru," wanawake waliniambia. "Alisema apigwe."

Walinieleza kwa lugha yetu, na kwa lugha yetu maneno hayo hayana utata wowote. Nikauliza kama kuna aliyemsikia kwa masikio yake. Wakanitajia watu wazima watatu. Mmoja akaniongezea, kwa huruma ya uongo, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikamwambia hilo lako limekuja likapotea njia, mama, lirudishe kwenu. Nilikuwa na hasira, sikatai, na ninayo mpaka sasa ninapoyakumbuka. Damu ya kaka yangu ilikuwa haijakauka mchangani, na mji mzima umekwisha kuhukumu.

Mume wangu akatiwa mnyororo na kufungiwa ndani ya ghala la forodha mpaka Bwana wa boma, Mjerumani, ateremke kutoka milimani. Nilimpelekea chakula, wakakipokea mlangoni, mimi nikafukuzwa. Watu walikuwa wakisema atanyongwa. Walisema hivyo mbele yangu, huku nimembeba binti yetu mgongoni.

Baba yangu akaja. Kaka alikuwa amelazwa kwa wamisionari Ipyana, homa imempanda, na mzee alikuwa ametokea huko. Hakukaa.

"Funga mizigo," akasema. "Ng'ombe zake za mahari nitazirudisha. Aliyeamuru mwanangu apigwe risasi hawezi kukaa na binti yangu."

"Tata, umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Watu watatu wamesikia."

"Na ukirudisha ng'ombe halafu ikaonekana hakuamuru?"

Alisema atangoja baraza ya Bwana imalizike, kisha twende. Nilimwelewa, maana mwanawe alikuwa anaungua homa. Lakini kumwelewa hakukunipoza.

Baraza ilifanyika mbele ya forodha. Mume wangu alikwisha kuhojiwa peke yake asubuhi, akasema alimkataza kuruta, kisha akarudishwa ghalani. Wale watatu wakaitwa. Bwana alijua Kiswahili ila Kinyakyusa hakukijua, kwa hiyo palikuwa na mkalimani. Wa kwanza akasema kwa Kinyakyusa, mkalimani akageuza: "Anasema, askari mkubwa aliamuru apigwe." Wa pili, vivyo hivyo. Bwana akawa anatikisa kichwa polepole kukubali, na mimi nikaona mume wangu anakwenda kunyongwa.

Wa tatu alikuwa mtu wa mizaha. Hakutosheka kueleza; akasimama, akatoa kifua kama mume wangu, akavuta sauti ya kipwani: "Kooma wewe! Kooma!" Watu wakacheka. Mkalimani akageuza: "Anasema aliamuru, piga wewe, piga."

Nikamkumbuka mbuzi.

Sikuomba ruhusa. Nilipita katikati ya wanaume na mtoto mgongoni, nikasema kwa Kiswahili: "Bwana, mwambie mkalimani asigeuze. Huyu arudie neno lenyewe, ulisikie wewe."

Askari mmoja akanishika bega. Bwana akamwashiria aniache. Yule mtu akarudia, safari hii bila mzaha: "Koma wewe."

Bwana akamtazama mkalimani, na mkalimani akatazama chini. Hakuwa mwongo, maskini. Kila siku alikuwa akigeuza koma kuwa piga, na kila siku alikuwa sahihi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza shahidi yeyote neno lenyewe lilikuwa lipi.

Ndipo Bwana akamwita kuruta, akampa bunduki isiyo na risasi, akamwambia aonyeshe alivyofanya. Kijana akaigeuza bunduki, mdomo nyuma, kitako mbele, akaonyesha alivyompiga mwenye mtumbwi kifuani. "Nilisikia koma," akasema. "Nikakoma." Alisahau kwamba ina risasi. Ilipogonga ikafyatuka nyuma yake, na nyuma yake alikuwa amesimama kaka yangu na ndizi zake. Mambo hayo yote yalikuwepo tangu siku ya kwanza, na jeraha la kitako lilikuwa kifuani mwa mwenye mtumbwi kwa yeyote ambaye angemwomba afunue nguo.

Mume wangu akafunguliwa. Kuruta alichapwa viboko kwa kubeba bunduki yenye risasi forodhani, kisha akaondolewa kazini. Nilimhurumia, ingawa wengi hawakupenda nimhurumie. Kaka yangu akapona, mguu ukabaki mfupi. Baba alimshika mume wangu mkono, akasema, "Ndaga," akaenda zake, na ng'ombe hazikutajwa tena. Wale wanawake nao hakuna aliyekuja kuniomba radhi. Nilipowakumbusha wakasema, "Sisi tulisema tulichosikia," na kwa kweli ndicho walichosikia. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Nilidhani yamekwisha. Mume wangu alirudi kazini, akala, akalala, akacheka na mwanawe. Ila lile neno aliliacha. Kuku wakiingia ndani alipiga makofi. Jirani akimtania, aliingia ndani.

Siku moja nilikuwa nasonga ugali wa ulezi, na pembeni chungu cha Ikombe kinachemka mekoni. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, uso kwetu. Binti yetu akajikongoja kwenda kwenye chungu, mkono mbele. Mimi nilikuwa nimempa mgongo. Baba yake alimwona vizuri, tangu hatua ya kwanza. Baadaye aliniambia neno lilifika mdomoni, akalimeza, akaanza kutafuta jingine.

Alipolipata, mtoto alikuwa amekwisha kushika chungu. Sasa ni mwanamke mzima, ana watoto wake, na kovu liko kiganjani. Watu wakimwona hunilaumu mimi, mama yake, kwamba sikumwangalia mwanangu.