Beki Aliyeapishwa Kunyamaza

Mimi ni beki wa kati, na beki wa kati asiyepiga kelele ni mlingoti uliovaa jezi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani nina ugomvi na dunia. Kelele zilikuwa kazi yangu. Nililipwa kwa kupiga kelele Omdurman, Muscat, Kuwait na Amman. Kisha nikastaafu, nikamfuata mke wangu Sydney, ambako yeye ni nesi katika hospitali ya Westmead na wodi nzima inamsikiliza. Niliweza kuacha viatu, mazoezi, hata ule utamu wa kuombwa picha sokoni. Sauti ndiyo iliyokataa kustaafu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi sikucheza kwetu. Nilitoka Kakamega kijana mwenye mapaja na njaa, wakala akanipeleka Sudan kwa msimu mmoja tu, na baada ya hapo nikawa mtu wa Uarabuni. Ligi hii ikinichoka, ile inanichukua. Kule kila timu inaruhusiwa wachezaji wachache wa kigeni, kwa hiyo mgeni ndiye wa kwanza kusifiwa na wa kwanza kufungashwa virago. Timu ikishinda, ni Mungu amesaidia. Ikifungwa, ni yule beki Mkenya.

Nilicheza mechi za kombe ambazo watu wamepanda mpaka kwenye minara ya taa, na nilicheza nyingine ambazo jukwaani kulikuwa na rais wa klabu, ndugu zake, na mtu wa chai. Katika viwanja hivyo vitupu ndiko sauti yangu ilikokomaa. Ukimwita winga, zege linakurudishia jina lake. Kiarabu changu chote nilikiokota uwanjani, kwa hiyo ni cha kuamrisha tu. Najua kumwambia mtu arudi, asogee, auachie mpira, amkabe yule wa kulia. Nikitumwa nyanya, natia huruma.

Kuna kitu kiliniuma siku zile na bado kinaniuma. Katika viwanja vyote hivyo hapakuwa na mtu wangu. Nilicheza fainali za kombe nikazipoteza zote, na kila mara nilipokuwa nikitoka niliinua macho jukwaani bila kujua namtafuta nani. Mama alikuwa Kakamega, hajawahi hata kupanda ndege. Mke wangu alikuwa zamu. Wenzangu wanabebwa na kaka zao, wanafutwa machozi na wajomba, mimi nakwenda zangu kuoga.

Kwa hiyo binti yetu alipoanza mpira hapa Sydney, na kocha akamweka beki wa kati bila hata kuniuliza, nilisema maji hufuata mkondo. Nikajiahidi kwamba huyu hatacheza mechi hata moja bila mtu wake.

Wiki nzima naendesha foklifti kwenye ghala huko Smithfield, ambako ukipiga kelele unaitwa ofisini. Jumamosi asubuhi ndiyo siku yangu. Wazazi wenzangu hufika na viti vya kukunja na vikombe vya kahawa, wanakaa nyuma ya kamba, na timu ikifungwa matatu wanapiga makofi wanasema, “Good job, girls!” Kazi gani hiyo nzuri? Mimi nilisimama. Nilimwambia binti yangu apande, arudi, aangalie bega la kushoto, amwachie kipa. Nilimwambia kwa Kiswahili, na mambo yakichacha, kwa Kiarabu.

“Dad, please,” aliniambia siku moja tukirudi garini. “Everyone can hear you.”

“Ndiyo maana ya kupaza sauti, mama. Wasikie.”

Akavaa vile vidude vyake vya masikioni akageukia dirisha. Ana umri ule ambao mzazi akipumua tu, amemwaibisha.

Mambo yaliharibika kwenye nusu fainali. Refa alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana mwenye nywele nyekundu na pua iliyopakwa krimu nyeupe ya jua. Mshambuliaji wa wapinzani alikuwa ameotea mpaka angeweza kuketi kwenye benchi letu na kunywa chai. Akafunga, na refa akalikubali bao. Nilivuka kamba. Nilimweleza kwa Kiingereza, nikahamia Kiswahili, nikamalizia na zile amri zangu za Kuwait. Akaninyooshea kidole niende maegeshoni, nami nikaenda, na ni huko maegeshoni nilikosikia vifijo vya wasichana wetu wakisawazisha na kisha kushinda.

Hasira zangu ni za maziwa: yanafoka haraka na ukitoa sufuria motoni yanashuka. Kufikia kipenga cha mwisho nilikuwa nimeshapoa na naona aibu. Nikaamua kuomba radhi, na hapa lazima nieleze jinsi ninavyoomba.

Mwaka wangu wa kwanza Kuwait, nahodha wetu alinipasua mdomo mazoezini, na tukavutana mashati mbele ya kocha. Jioni alinijia mlangoni na sahani ya tende. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu hapa juu ya paji. Kwetu Kakamega, mwanamume akikubusu kichwani basi umelala ndani ya jeneza, na hata hapo ni nadra. Niliganda. Mwenzangu wa chumbani akacheka, akaniambia yamekwisha, mtu aliyebusiwa kichwa haruhusiwi kuendelea kununa. Niliupenda sana utaratibu ule. Hauna kikao wala maelezo marefu. Tangu siku hiyo nilibusu vichwa vya makocha, makipa, marefa, hata cha dereva wa basi niliyemtukana kwa kuchelewa, na hakuna hata mmoja aliyekataa.

Refa wetu alikuwa ameinama akifungua kamba za viatu. Nikamwendea, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikambusu juu ya zile nywele nyekundu.

Mama mmoja aliacha kahawa ikamwagika. Mimi nilibaki nimesimama nikisubiri aniambie yamekwisha.

“Mate,” akasema, “what are you doing?”

Nyumbani mke wangu alinisikiliza akiwa anaosha vyombo.

“Umembusu refa.”

“Kichwani.”

“Refa wa mechi ya watoto. Mbele ya watu. Hapa Australia.”

“Kichwani, nimesema!”

“Mzee, hapa hata mbwa wa mtu humgusi bila kuomba ruhusa,” alisema, kisha akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki.

Aliacha kucheka klabu ilipopiga simu. Nilikuwa nimeripotiwa kwa kumgusa refa, na ningeitwa mbele ya kamati. Wangeweza kunifungia nisikanyage uwanjani mpaka mwisho wa msimu ujao, na fainali ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Usiku huo nilienda mlangoni kwa binti yangu nikamwambia nitajitetea, asiwe na wasiwasi, nitakuwepo.

“Maybe just don't come, Dad,” akasema bila kuinua macho kwenye simu yake.

Nimepigwa viwiko na washambuliaji wa nchi nyingi. Hakuna kilichoniuma hivyo.

Kamati ilikaa katika chumba kilicho nyuma ya jiko la klabu, kinanukia soseji. Mwenyekiti alikuwa mama mpole, miwani ikining'inia shingoni. Mke wangu alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado na sare. Refa alikuwa pembeni, ameoga, nywele zimechanwa. Nikaeleza habari za Kuwait na nahodha na tende, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana nimetunga.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia baba wa kipa wetu, Mwiraki mmoja wa Fairfield ambaye tangu ajue nilikocheza huniita kabteni. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amevaa koti na tai. Akasimama akawaambia kwamba wajomba zake wawili kule Baghdad walinuniana kwa sababu ya ukuta mpaka wakazeeka, na walipatanishwa na busu la namna hiyo. Akasema mtu hambusu kichwani yule anayemdharau. Huyu kijana amepewa heshima ya baba. Akajitolea kuonyesha mfano kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akashukuru haraka, akasema ameelewa kabisa.

Refa akaulizwa ana maoni gani. Akajikuna shingo. Alisema anatukanwa kila Jumamosi, na tangu aanze kuchezesha hakuna mzazi aliyewahi kurudi kuomba radhi. Kisha akanigeukia. “Next time just shake my hand, yeah?”

Nikamshika mkono hapohapo. Mwenyekiti akatoa hukumu. Ningeruhusiwa fainali, ila nisitamke neno mchezo ukiendelea. Si la kulalamika, si la kusifu, si la Kiarabu. Hilo la Kiarabu alilirudia. Neno moja tu, na msimu wote ujao nitakaa nyumbani.

Mdomo huponza kichwa, mke wangu alisema tukitoka, na akajiona mjanja sana.

Asubuhi ya fainali, kabla hajashuka garini, binti yangu alinigeukia. “Not one word, Dad. Promise me.”

“Naapa.”

“Not even Swahili.”

“Naapa kwa Mungu aliye hai, na wewe unajua mimi ni mzee wa kanisa.”

Mke wangu alinikabidhi mfuko wa njugu karanga. “Ukisikia neno linakuja, tia njugu.”

Nikakaa katikati, yeye kulia, Mwiraki kushoto, nikiwa na kiti cha kukunja kwa mara ya kwanza maishani. Jamani, kutazama mpira ukiwa bubu ni adhabu. Maneno yanapanda yenyewe. Nilitafuna mpaka Mwiraki akaanza kuniangalia kwa huruma. Na yule mtoto alicheza! Alikata pasi, aliwasimamisha washambuliaji kwa bega, alimnyang'anya mpira winga wao mwenye mbio bila faulo. Mara kadhaa aligeuza kichwa upande wetu. Nikajua ananichunga kama natimiza kiapo, nikamwinulia dole gumba, mashavu yamejaa njugu.

Ilikuwa bila kwa bila mpaka mwishoni. Ndipo mpira ukawa kwenye winga yao ya kushoto, na binti yangu akaukazia macho. Nyuma yake kulikuwa na msichana mrefu wa upande wa pili ambaye muda wote alikuwa amelala. Sasa alianza kuja. Hakukimbia. Alinyemelea, hatua kwa hatua, pale ambapo beki hana macho. Mbinu hiyo naijua. Ndiyo iliyoninyima kombe Muscat, na tena Amman.

Nilisimama bila kujijua. Neno lilikuwa limeshafika kinywani, na nafasi ya kulitoa ilikuwepo. Mke wangu akanishika mkono. Nikafikiria msimu mzima wa kukaa nyumbani, nikafikiria uso wa mtoto garini akiniapisha, nikauma njugu mpaka taya likauma.

Mpira ukapigwa juu. Msichana mrefu akaruka peke yake, kichwa, wavuni. Haukupita muda kipenga kikalia.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa hiyo tulipiga makofi. Na nitasema kweli, pamoja na uchungu wote nilijiona mshindi. Nilikuwa nimenyamaza! Mimi! Nikatafuta maneno ya kumpa pole, na moyoni nikisubiri aniambie asante.

Alikuja mbio akivuka uwanja, medali ya washindi wa pili ameikunja mkononi. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, na akikasirika anafanana na mimi mpaka mama yake huogopa.

“Did you see her?”

“Nani?”

“The tall one, behind me. Did you see her coming?”

“Nilimwona.”

“And you just sat there?”

“Mama, si wewe uliyeniapisha? Hata neno moja, ulisema.”

Alifuta pua kwa mkono wa jezi.

“I know what I said.” Akatazama chini. “I was listening for you.”

Kumbe zile mara alizogeuka hakuwa ananichunga. Alikuwa anasubiri nimwambie kuna nini nyuma yake, na mimi nikamwinulia dole gumba. Msimu mzima nilidhani ninamtia aibu, naye alikuwa anacheza akijua nipo. Mimi sikuwahi kuwa na mtu wa kumsikiliza katika fainali zangu zote, na sikujua kwamba mtoto wangu anaye. Nililia palepale, mbele ya wazazi na viti vyao, tena kwa sauti, kwa sababu mechi ilikuwa imekwisha na hakuna aliyenikataza. Nililia kwa furaha. Nilikuwa na uchungu wa lile bao na nilikuwa na furaha, vyote pamoja.

“Okay, stop,” akasema. Akanipa viatu vyake vyenye matope nimbebee, akatangulia kwenda garini na soksi, bado amenuna, mimi nikimfuata nyuma.